Miche ya maeneo makavu: angalia mizizi kabla ya majani

Ndugu uliyeuliza kwa nini miche yako ya mgunga na mwarobaini ilikuwa mizuri sana kitaluni, imefika hadi magotini, halafu ndani ya wiki tano tangu uipande robo tatu imekauka na mvua ilishanyesha, pole sana, uchungu huo naujua. Wenzangu wamekujibu mambo ya mchwa na mbegu mbovu, sikatai, ila mi naona tatizo limeanzia kitaluni, na ule uzuri wenyewe ndo dalili.

Misimu yangu miwili ya kwanza nilifanya hivyohivyo. Maji asubuhi na jioni mpaka siku ya kupanda, kivuli muda wote, samadi ya kutosha, miche ikawa mirefu, laini, majani mapana, kila anayepita anaisifia. Tukaipanda, ikafa. Nilipofukua iliyokufa ndo nikaelewa: mizizi imejizungusha chini kama kamba iliyoviringwa, na udongo wa shimo haijaugusa kabisa, umbo la kiriba (ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche) liko vilevile. Sasa fikiria mche wa hivyo, juu una majani mengi yanayopoteza maji kutwa nzima na chini unategemea lile bonge dogo la udongo ulilotoka nalo kitaluni, likikauka hauna pa kunywa hata kama nusu mita chini kuna unyevu.

Miti mingi ya ukame asili yake ni kuteremsha mzizi mkuu kwanza, shina baadaye. Mkababu, ule Faidherbia albida, utauona juu una vijani vichache tu kumbe mzizi umeshatoboa kiriba na kuingia ardhini. Ukiuacha hivyo, siku ya kuuhamisha utaukata mzizi wote kwa mpigo na mche unazimia. Ndo maana mizizi inakatwa mapema na mara kwa mara: ikianza tu kuchungulia chini ya kiriba, nyanyua kila kiriba, kata inayotokeza kwa mkasi au wembe, mwagilia siku hiyohiyo, rudia kila wiki mbili tatu. Ukiukata mzizi mkuu ukiwa mdogo unatoa vijizizi vingi vya pembeni na hivyo ndo vitakavyouokoa mche shambani. Nilivyochoka na mkasi nikahamia kwenye kichanja cha waya, viriba vimekatwa kitako vinakaa juu hewani, mzizi ukitokeza unakutana na hewa kavu unajikausha wenyewe ncha. Ila kichanja kinakausha viriba haraka kwahiyo usikisahau siku za upepo. Na tumia viriba virefu, sentimita 20 hadi 25, vile vifupi vya mboga vinakunja mizizi mapema.

Jambo la pili ni kuikomaza, hapa ndo watu wengi wanapata huruma mahali pasipofaa. Wiki nne hadi sita za mwisho ondoa kivuli kidogokidogo hadi miche ikae kwenye jua kamili, na maji punguza: kutoka kila siku, kuwa kwa kuruka siku moja, kisha kila siku ya tatu, unaangalia majani, yakilegea mchana na kuinuka usiku ni sawa, yakiamka asubuhi bado yamelegea umepitiliza, mwagilia. Shina litakuwa gumu, majani yatapungua ukubwa, rangi haitavutia tena. Mche wa sentimita 30 wenye shina nene kama penseli mi naupokea kwa mikono miwili, wa sentimita 70 uliolegea siuchukui hata wa bure.

Kwenye mbegu nisichelewe sana. Mbegu zenye ganda gumu kama za mgunga na mkwaju chemsha maji, yatoe motoni, zimwagie, ziache humo hadi siku ya pili, zilizovimba sia, zilizogoma zikwaruze kidogo upande wa mbali na jicho la mbegu kisha loweka tena. Mwarobaini ni kinyume chake, mbegu yake haiwekeki, ivue nyama, ioshe, ikaushe kivulini na uisie ndani ya wiki mbili tatu, ukiiweka miezi usilaumu mtu. Udongo changanya wa juu, mchanga na samadi iliyooza vizuri, samadi isizidi, halafu ongeza kidogo udongo wa chini ya mgunga mkubwa uliostawi maana una vimelea rafiki wanaoishi kwenye mizizi na kuusaidia mche kupata chakula, kwenye ardhi iliyochoka utaona tofauti. Miche michanga ikianza kulala chini shingo imeoza, hicho ni kinyausi, punguza maji na uiachanishe ipate hewa.

Halafu tarehe. Hesabu kurudi nyuma kuanzia mvua, migunga mingi miezi mitatu hadi mitano inatosha, ukisia mapema sana unaishia na miche iliyozeeka kwenye viriba. Usipande mvua ya kwanza ikigusa tu vumbi, chimba uone, unyevu ukifika sentimita 30 ndo upande. Mwagilia miche jioni ya kuamkia kupanda, chana kiriba chote utoe (nimeona watu wanazika mche na nailoni yake, inauma sana), kata sentimita moja ya chini palipojikunja, zungushia kingo ya udongo ya nusu mwezi upande wa chini wa mteremko ishike maji, weka matandazo yasiyogusa shina, na palilia majani mita moja kuzunguka maana majani yanaiba maji kuliko jua.

Sasa hiyo miche iliyobaki kitaluni kwako, kabla hujaipeleka shambani chukua mitatu bila kuchagua, loweka mabonge kwenye ndoo, osha udongo taratibu ubaki na mizizi mitupu, piga picha uweke hapa. Kama mzizi mkuu umejizungusha na umeshakuwa mgumu kama mti, usiipande, hata ikishika leo itaanguka kwa upepo ikikua. Kama ni laini bado tunaiwahi, kata kitako leo, irudishe kivulini siku kumi, kisha anza kuikomaza upya.