Shangazi, mwanangu anasema wenye akili hawasali

SWALI: Shangazi shikamoo. Naandika toka Dunda, Bagamoyo. Mwanangu wa kwanza yuko chuo kikuu mwaka wa pili, kaja likizo. Juzi juzi tumekaa mkekani tunakula wali na samaki, babu yake (baba yangu mzazi, ana miaka 74, anasomesha watoto Kurani pale barazani tangu mimi sijaolewa) akamuuliza mbona magharibi hukuswali. Mtoto akamjibu, babu, utafiti umeshathibitisha watu wenye akili nyingi hawaamini dini, dini ni ya wale ambao vichwa vyao havichaji. Akatoa na simu akamwonyesha. Baba hakusema neno, akanawa mikono akainuka, wali haujafika nusu. Leo siku ya tisa anakula peke yake chumbani. Mimi nimeishia darasa la saba, naomba unambie hilo jambo ni kweli? Na nifanye nini maana nyumba haikaliki.
Mama wa watatu, Dunda

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia usiku, hapo kwenye "wali haujafika nusu" ndipo paliponikaa.

Nianze na ukweli kwa sababu ndio ulioniuliza, sitaki nikufariji kwa uongo. Utafiti upo, mwanao hakuutunga. Mwaka 2013 watafiti watatu wakiongozwa na Miron Zuckerman wa chuo kikuu cha Rochester kule Marekani walikusanya tafiti 63 zilizowahi kupima akili za watu na imani zao, wakazijumlisha, na katika hizo 63 kuna 53 zilizoonyesha kwamba wanaopata alama za juu kwenye mitihani ya akili kwa wastani wana dini kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2020 Zuckerman na wenzake wakarudia wakiwa na tafiti 83, uhusiano bado upo. Kwa hiyo mtu akikwambia hizo ni propaganda tu za wasioamini usimsikilize, kazi ilifanyika na ni kazi ya watu makini.

Sasa uhusiano wenyewe ni mkubwa kiasi gani, hapo ndipo watoto wetu hawafiki kwa sababu wanasoma kichwa cha habari alafu wanafunga simu. Watu wa takwimu wanapima uhusiano kwa namba, 0 maana yake hakuna kitu na 1 maana yake viwili vinakwenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Hao wa 2013 walipata 0.24, tena upande wa hasi, yaani kimoja kikipanda kingine kinashuka. Ukiizidisha hiyo namba kwa yenyewe unapata kama asilimia 6. Kwa lugha yetu ya sokoni ni hivi, chukua kila kinachomfanya huyu awe mcha Mungu na yule asiwe, malezi, mji aliokulia, misiba iliyomkuta, marafiki, ndoa, kila kitu weka kapu moja, akili ya kwenye mtihani inaeleza sehemu 6 katika 100 na zile 94 zinakaa kwingine kabisa. Na tena huo ni wastani wa kundi. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake lakini huwezi kusimama mlangoni kwa watu ukasema mume ndiye mrefu kabla hawajatoka nje ukawaona. Sasa mwanao kamtazama mzee mmoja, babu yake aliyemlea, akampima kwa wastani wa watu ambao hajawahi kuwaona.

Na waliopimwa ni akina nani? Wengi mno ni Wamarekani na watu wa nchi za Magharibi, wengi wao Waprotestanti, na watafiti wenyewe wameliandika hilo wazi, hawakuficha. Sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba mwenye akili nyingi si mwepesi kufuata mkumbo. Basi muulize mwanao kwa upole kabisa, kule hosteli kwenu mkumbo ni upi, kuswali au kutoswali? Namuulizia kwa dhati, ajibu mwenyewe moyoni mwake.

Kuna na hili la supu ya pweza, mjaribu jioni. Supu na ndimu kwa pamoja zimekutoka sh. 1,100, supu imezidi ndimu kwa sh. 1,000, ndimu ni bei gani? Wengi tunaropoka mia moja. Si mia moja mwanangu, ni 50, supu ni 1,050, piga hesabu utaona. Swali la namna hiyo (la kwao ni la mpira na gongo la kuupigia) wanasaikolojia wa Harvard waliwauliza watu, na mwaka 2012 wakachapisha kwamba wanaojibu haraka haraka wanaelekea kuamini Mungu zaidi kuliko wanaotulia wakahesabu. Mwaka huo huo wengine wakaandika kwenye jarida la Science kwamba hata kumwonyesha mtu picha ya ile sanamu ya mtu anayewaza, ya Rodin, kunapunguza imani yake. Habari ikazagaa dunia nzima. Alafu mwaka 2017 watu wakalirudia jaribio la sanamu kwa umakini zaidi na watu wengi zaidi, hakuna kitu, na hata mwandishi mmoja wa lile la kwanza akakubali hadharani kwamba lilikuwa dhaifu. Mwaka 2018 wakajaribu mambo ya kufikiri kwa utulivu katika nchi 13, uhusiano ukaonekana mdogo na haukai sawa, nchi hii upo nchi ile haupo. Nakueleza yote haya ili ujue kwamba elimu ya sayansi inajirekebisha yenyewe, ndio uzuri wake na naipenda kwa hilo, lakini mtu akikamata ukurasa mmoja akaufanya ndio msahafu basi hata hiyo sayansi hajaisoma.

Kitu kimoja kinaniuma na lazima nikiseme. Kuna makala ya 2009 ya akina Lynn, Harvey na Nyborg iliyolinganisha nchi 137, IQ ya nchi (yaani wastani wa alama za watu wake kwenye kipimo cha akili) na idadi ya wasioamini, na hiyo inapendwa sana mitandaoni. Zile namba za IQ za nchi, hasa za Afrika, wataalamu wengi wamezipinga kwa miaka, nyingine zimetokana na vikundi vidogo vidogo vya watu ambao hawawakilishi nchi yoyote. Na kipimo chenyewe cha akili asili yake ni Paris mwaka 1905, Alfred Binet na mwenzake Simon walikitengeneza ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani, basi. Leo mtoto wetu wa Bagamoyo anakamata namba hizo anampigia nazo babu yake kichwani. Hapana. Hilo silikubali.

Sasa nataka ufanye jambo. Mwambie mwanao aende barazani akakae na babu yake, aombe amfundishe mirathi. Mimi nilikua naona marehemu babu yangu akifanya kwa chaki sakafuni, nilikuwa darasa la tano, sijasahau. Mtu kafa, kaacha mke, mama yake, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Mke ana thumni, moja ya nane. Mama ana sudusi, moja ya sita. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume sehemu mbili mbili, wa kike moja. Babu anafumba macho kidogo anasema, fanya mafungu 120, mke 15, mama 20, kila wa kiume 34, wa kike 17. Hana kalkuleta. Jumlisha hapo ulipo uone kama 120 haijatimia. Sasa mwulize huyo msomi, kichwa kilichofanya hivyo kinachaji au hakichaji? Na amwambie babu kwamba al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu aliyekaa Baghdad karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra, sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya mirathi na wasia. Babu atafurahi kujua na mjukuu ndiye atakuwa kamletea, hapo kila mmoja ana cha kumpa mwenzake.

Kama bado anataka majina makubwa mpe haya. Mwaka 1979 tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa watu watatu kwa kazi moja, kuonyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku na ile nguvu dhaifu inayofanya kazi ndani ya kiini cha atomu asili yao ni moja. Mmoja ni Abdus Salam wa Pakistani, mtu wa dini hadharani (alikuwa Ahmadiyya, ubishi wa madhehebu si wa leo naomba), ambaye usiku wa karamu ya tuzo kule Stockholm alisimama akasoma aya za Tabaraka, sura ile ile watoto wa babu wanayoisoma barazani. Wa pili ni Steven Weinberg, Mmarekani, hakuamini Mungu na alisema hivyo wazi maisha yake yote. (Wa tatu ni Sheldon Glashow.) Kazi moja, hesabu zile zile, tuzo moja, mmoja anamshukuru Mungu na mwingine haoni wa kumshukuru. Akili ndiyo iliyotofautiana hapo?

Na asiende mbali, hapo hapo Bagamoyo kuna Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemwita Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani akiwa mtumwa, toka upande wa Kongo, mtu ambaye waungwana wa wakati ule wasingempa hata nafasi ya kuulizwa anafikiri nini. Akasoma, akawa mwanachuoni mkubwa na kiongozi wa tarika ya Kadiria mpaka alipofariki 1931, na hao hao waungwana wakawa wanakuja kukaa miguuni pake. Angepimwa siku aliyoteremka, wangeandika namba gani?

Kuhusu nyumba. Mwanao asilazimishwe kusema anaamini, usimlazimishe hata kidogo, ukimlazimisha atajifunza kusema uongo na hutamjua tena. Anachodaiwa ni neno moja tu, alimwita babu yake hana akili mbele ya watu wakila. Aende asubuhi, baada ya alfajiri mzee akiwa na kahawa yake, aseme shikamoo babu, nilikosa adabu, nisamehe. Asianze na "lakini". Na wewe usikae katikati ukawasemea, mpelekee baba sahani yake kama kawaida, alafu jioni tandika mkeka ule ule mahali pale pale uweke sahani tatu. Niandikie ikiwa ya tatu haijaguswa.

SWALI: Shangazi, mimi nina miaka 22, niko Nianjema. Siamini tena, ni kama mwaka na nusu. Sijamwambia mtu. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo mjomba aliandika kwamba wasioamini ni watu waliosoma mpaka wakachanganyikiwa, au wamerogwa. Naanza kujiuliza kama kweli nina tatizo kichwani.
Kijana

JIBU: Huna tatizo kichwani mwanangu, na hujarogwa. Mjomba wako amefanya kosa lile lile la yule mtoto wa Dunda ila kashika upande wa pili wa kamba. Mwaka 1914 mwanasaikolojia James Leuba aliwauliza wanasayansi wa Marekani, kama wanne katika kumi wakasema wanaamini Mungu anayesikia maombi, mwaka 1996 swali likarudiwa kwa wanasayansi wengine, tena kama wanne katika kumi. Miaka zaidi ya 80 katikati, vita kuu mbili, watu wamefika mwezini. Wale waliochaguliwa kwenye taasisi yao kubwa ya sayansi waliulizwa baadaye, wakapatikana asilimia 7 tu. Kwa hiyo uko pamoja na watu timamu kabisa, na wanaoamini nao ni watu timamu kabisa.

Mimi ni mwenye kuswali, nakwambia ili ujue unazungumza na nani, na natamani siku moja urudi, sitakuficha. Ila hilo ni tamanio langu mimi, halikupunguzii kitu. Usiandike chochote kwenye grupu la ukoo. Kama unatafuta wa kumwambia tafuta mmoja, mwenye kifua, pengine shangazi wa kwenu au rafiki mkubwa kwako kidogo, na mama yako asisikie kwa mtu wa nje kabla yako. Kwenye misiba na maulidi nenda kabebe masufuria na kupanga viti, hiyo haihitaji kuamini na watu wanakuhitaji.

SWALI: Kuna mtu hapa Magomeni anasomea watoto dua ya kuongeza akili kabla ya mtihani wa darasa la saba, anachukua sh. 30,000. Nimpeleke wangu?
Baba wa binti

JIBU: Usimpeleke. Dua muombee wewe mwenyewe babake, bure, usiku akiwa kalala. Hiyo 30,000 mnunulie taa ya sola na madaftari, na akae nayo mezani saa moja mpaka saa tatu, wewe ukiwa karibu na simu umeizima.