Mpira unaacha mkia kwenye monita, nirudishe?

SWALI: Shikamoo mshauri. Niko Njombe, nimeagiza monita used ya inchi 27 kutoka Kariakoo, muuzaji kasema ni ya 144Hz na kioo chake ni aina ya VA. Sasa nikicheza gemu la mpira, mpira ukipigwa shuti unaacha mkia, na nikiskroli maandishi kwenye ukurasa mweusi yanavutika kama wino uliomwagikiwa maji. Fundi wa hapa anasema kioo kimechoka. Nimepewa siku mbili za kurudisha, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiifunge kwenye boksi kwanza, hayo mambo mara nyingi ni setingi. Ingia setingi za Windows, System, Display, kisha Advanced display, uangalie Refresh rate (Hz, yaani picha ngapi kwa sekunde) imeandika ngapi, maana watu kibao wana monita za 144 ila zinakimbia 60 tangu siku ya kwanza na hakuna aliyewaambia. Kwa 60 kila picha inakaa milisekunde 16.7, kwa 144 kama 7 tu, na ukungu wa vitu vinavyokimbia unatokea kwa sababu picha imeganda pale wakati jicho lako limeshasogea na mpira. Kama 144 haionekani kwenye orodha badili waya unaounganisha monita na kompyuta, tumia wa DisplayPort kama tundu lake lipo.

Mkia ni kitu kingine. Fungua testufo.com, utaona visahani vinapita, vifuate kwa macho, usikodoe sehemu moja, na usipige picha na simu uliyoishika tuli, itakudanganya. Halafu ingia menyu ya monita yenyewe utafute palipoandikwa Overdrive au Response Time, ndipo unapoharakisha kioo kubadili rangi. Kivuli cheusi kikiburuzika nyuma ya kisahani, panda hatua moja. Ukiona mkia umegeuka mweupeweupe unang'aa, umezidisha, rudi nyuma. Wengi wanaweka ya juu kabisa wakidhani ndiyo kasi, kumbe ndiyo inayoharibu.

Na hili nakuomba sana ulizingatie kwa sababu uko Njombe: ndani ya kioo cha LCD kama hicho chako kuna kimiminika kinachojipinda kupitisha mwanga, kikipata baridi kinakuwa kizito na mikia inaongezeka, kwa hiyo asubuhi zenu zile za Julai usipime umewasha sasa hivi, iache iwake nusu saa ndo upime. (Kivuli kikiwepo hata maandishi yakiwa yametulia na unatumia waya wa zamani wa VGA, shuku waya kabla ya kioo.)

Ukishafanya yote hayo mpira ukawa safi ila ukurasa mweusi bado unavutika, hapo kioo hakijachoka, VA nyingi ndivyo zilivyo, kutoka weusi kwenda kijivu zinachelewa. Kwa gemu la mpira uwanja wa kijani hutaiona sana, baki nayo. Ila kama kazi yako ni kusoma au kuandika kodi za programu kwenye weusi kila siku itakuumiza macho bure, irudishe ndani ya hizo siku mbili umwambie akubadilishie yenye kioo aina ya IPS, hata kama ni ya inchi 24.