Mdogo wangu amekamatwa Louisville: nitajuaje yuko jela gani?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi niko Kigoma. Mdogo wangu ni mkimbizi wa Kongo, alitoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Marekani, na sasa anaishi Louisville, Kentucky. Tangu Ijumaa simu yake haipatikani. Mwenzake wa chumba anasema alichukuliwa na polisi alipokuwa akitoka kazini usiku. Nimeingia kwenye tovuti ya magereza ya Marekani nikaandika jina lake, ikasema hayupo. Tovuti nyingine ilitaka nilipe kwanza ndipo inionyeshe. Halafu kuna mtu kanipigia, anadai yeye ni wa mambo ya dhamana, nimtumie dola 800 mdogo wangu atoke leo leo. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, dada. Kwanza kabisa, hizo dola 800 usizitume. Jimbo la Kentucky lilipiga marufuku biashara ya kudhamini watu kwa malipo mwaka 1976, na marufuku hiyo ipo hadi leo. Dhamana ikishapangwa na jaji, fedha hulipwa kwa karani wa mahakama na risiti hutolewa. Huyo aliyekupigia ama haijui Kentucky, ama anajua vizuri kwamba wewe huijui.

Na hiyo tovuti iliyokwambia hayupo haikukudanganya, ila haikuwa na namna ya kumjua. Mara nyingi watu wakitafuta magereza ya Marekani huangukia tovuti ya Federal Bureau of Prisons, idara ya magereza ya serikali kuu. Ni tovuti ya kweli, ni ya bure, na ina kumbukumbu za wafungwa tangu mwaka 1982. Lakini ni za waliopita mikononi mwa idara hiyo tu. Mtu aliyekamatwa na polisi wa mji Ijumaa usiku hayumo humo, na anaweza kukaa ndani miezi kadhaa asionekane humo hata siku moja. Marekani haina daftari moja la wafungwa wote. Serikali kuu ina lake, kila jimbo lina lake, idara ya uhamiaji ina lake, na chini kabisa ziko kaunti, mfano wa wilaya zetu, zaidi ya 3,000, ambazo nyingi zina jela zake na orodha zake. Mtu aliyekamatwa juzi huanzia huko chini.

Kwa hiyo mpigie tena yule mwenzake wa chumba. Usimuulize mdogo wako kapelekwa wapi, maana hilo halijui. Muulize waliomkamata walivaaje, gari lao lilikuwa limeandikwa nini ubavuni, na muhimu kuliko yote, wakati huo mdogo wako alikuwa upande gani wa mto.

Mto nasema Ohio. Louisville iko ukingoni mwa mto huo, na ng'ambo ya daraja ni jimbo jingine, Indiana, lenye sheria zake, mahakama zake na jela zake. Watu wengi wa Louisville huvuka kila siku kwenda kwenye maghala ya Jeffersonville na kurudi. Wewe umeambiwa alikamatwa akitoka kazini, basi usiseme moja kwa moja kwamba ilikuwa Kentucky. Akiwa amekamatwa upande wa Louisville, atakuwa kwenye jela ya mji, inayosimamiwa na Louisville Metro Department of Corrections. Akiwa amekamatwa Jeffersonville, tafuta Clark County, Indiana. New Albany iko Floyd County, Indiana.

Hapa majina huwapoteza watu vibaya. Kaunti ya Louisville inaitwa Jefferson. Mji na kaunti viliunganishwa mwaka 2003. Jeffersonville haiko Jefferson County. Tena Indiana nayo ina Jefferson County yake, na majimbo mengine chungu nzima yana kaunti yenye jina hilohilo. Ukiandika "Jefferson County Jail" kwenye simu yako kule Kigoma, usishangae kuletewa Alabama au Colorado. Kila ukurasa utakaofungua, tazama kwanza jina la jimbo.

Ukiufikia ukurasa sahihi, utaona orodha ya walio ndani au kisanduku cha kuandikia jina. Hakuna malipo. Tovuti nyingi za serikali kule huishia na .gov. Baadhi ya jela hukodi kampuni iwatengenezee orodha, kwa hiyo anwani inaweza kuwa tofauti. Njia salama ni kuanzia kwenye tovuti ya jela au ya kaunti yenyewe, kisha kufuata kiungo walichoweka wao. Zile zinazokuomba kadi ya benki kwanza huchota taarifa hizihizi za bure na kukuuzia, mara nyingi zikiwa zimechacha. Nyingine huchapisha picha za waliokamatwa kwa ajili ya biashara tu. Ukikutana na picha ya mdogo wako humo, usiisambaze kwenye magrupu ya ukoo. Kukamatwa si kutiwa hatiani, na picha ikishaingia WhatsApp hairudi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa watu wetu, ndilo hufanya tovuti iseme hayupo wakati yupo: jina. Karani wa jela huandika kilichomo kwenye kitambulisho, na kilichomo kwenye kitambulisho kilitoka kwenye karatasi za ukimbizi, nazo ziliandikwa kambini na mtu aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake. Byamungu huwa Byamungo. Jina la baba huwa la mtoto na la mtoto likawa la ukoo. Mwenye majina matatu hubaki na mawili, au mawili ya mwisho huunganishwa yakawa neno moja refu. Wako pia ambao nyaraka zao za Marekani zina herufi FNU mahali pa jina la kwanza. Hiyo ni alama kwamba jina la kwanza halikujulikana, lakini kompyuta huisoma kama jina, na mtu akaitwa FNU tangu benki hadi mahabusu.

Basi usitumie jina mnalomwita nyumbani. Tafuta nakala yoyote mliyobaki nayo, ya safari au ya kambi, uandike kama ilivyoandikwa humo hata kama imekosewa. Ikishindikana, geuza mpangilio, la ukoo liwe la kwanza. Kisha andika herufi tatu au nne za mwanzo wa jina la ukoo peke yake, uone nani anatokea. Orodha nyingi za kaunti zinakubali hivyo. Tovuti ya serikali kuu haikubali, inataka jina la kwanza na la mwisho. Watakapokuonyesha watu kadhaa wenye majina yanayofanana, utawatenganisha kwa umri, na hapo kumbuka kwamba wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Umri wa kwenye orodha unaweza kupishana na ule anaoujua mama yenu.

Kama bado hayumo, zipo sababu za kawaida kabla ya kufikiria mabaya. Kusajiliwa jela huchukua saa kadhaa, na kabla ya hapo jina halitokei. Aliyeachiwa hufutwa kwenye orodha nyingi, kwa hiyo yawezekana ametoka na simu imezima au imebaki kituoni kama kielelezo. Aliyejeruhiwa hupitishwa hospitali kwanza. Aliye chini ya miaka 18 hawekwi kwenye orodha za wazi. Hapo mwenzake wa chumba apige simu jela, ataje jina na tarehe ya kuzaliwa, aulize kama yupo na kama amehamishwa. Kupiga simu jela si kosa, ila kama mwenzake huyo karatasi zake hazijakaa sawa, asiende mwenyewe dirishani. Ampigie wakili au shirika lililowapokea.

Sasa yale madaftari mengine. Kama waliomkamata walikuwa maofisa wa serikali kuu kwa kesi ya jinai, mtu huyo huwa chini ya U.S. Marshals, maofisa wa mahakama za serikali kuu, mpaka kesi iishe. Hao hawana orodha ya kutafutia jina mtandaoni. Huwaweka mahabusu wao kwenye jela za kaunti kwa mkataba, na Kentucky wanafanya hivyo sana, hivyo mtu wa Louisville anaweza kuonekana kwenye orodha ya kaunti ambayo hamjawahi kuisikia. Ofisi yao ya wilaya ndiyo ya kuuliza, au karani wa mahakama ya serikali kuu.

Kama ni uhamiaji, yaani ICE, tovuti yao ya kutafutia waliozuiliwa inaitwa Online Detainee Locator System na ina njia mbili. Ya kwanza ndiyo nzuri: namba ya A, yaani namba ya faili lake la uhamiaji, yenye tarakimu tisa, pamoja na nchi aliyozaliwa. Namba hiyo imo kwenye karatasi zake za uhamiaji, na kwenye green card, kadi ya ukaazi wa kudumu, imeandikwa kama USCIS#. Ikiwa na tarakimu nane, tanguliza sifuri. Njia ya pili ni jina na nchi, na hapo jina lazima lilingane herufi kwa herufi. Kuhusu nchi, chagua iliyoandikwa kwenye faili lake hata kama siyo ya kweli. Kuna watoto waliozaliwa Kasulu, Tanzania, wakaandikwa wazaliwa wa Kongo, na kuna waliofanyiwa kinyume chake. Kongo zenyewe ni mbili, ukikosa moja jaribu ya pili. Kentucky hushughulikiwa na ofisi ya ICE ya Chicago, na kwa miaka mingi Boone County Jail, kaskazini mwa jimbo, imekuwa ikiwapokea watu wao. Mtu huyo anaweza kuhamishwa jimbo jingine kabla hamjapata wakili, ndiyo maana tovuti hii inapaswa kutazamwa kila siku, si mara moja.

Daftari la jimbo, liitwalo KOOL, ni la baadaye: linawaonyesha waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa makubwa, pamoja na walio nje kwa paroli, yaani walioachiwa mapema kwa masharti. Sasa hivi halikusaidii. Ila lijue, kwa kuwa Kentucky ina kawaida ya kuwaweka wafungwa wengi wa jimbo kwenye jela za kaunti. Mtu akihukumiwa miaka miwili, familia humtafuta kwenye magereza makubwa kama Eddyville, kumbe yuko kwenye kaunti ya mashambani chini ya mkuu wa jela aliyechaguliwa kwa kura. Ndiyo, Kentucky wakuu wa jela hupigiwa kura kama madiwani.

Ukishampata, mwandikishe kwenye VINE. Ni mfumo wa bure unaokutumia taarifa mtu akihamishwa au akiachiwa, na ulizaliwa Louisville hiyohiyo. Desemba 1993 mwanamke aitwaye Mary Byron aliuawa na mpenzi wake wa zamani, ambaye alikuwa ametolewa kwa dhamana bila yeye kuambiwa. Mwaka uliofuata kaunti ikaanzisha huduma hii, na sasa imeenea majimbo mengi. Ilikusudiwa walioathiriwa na uhalifu, lakini ndugu pia wanaitumia, na aliye ndani haambiwi nani anamfuatilia. Wewe uliye nje ya nchi tumia barua pepe.

Kwenye ukurasa wake nakili vitu vinne: namba ya usajili, mashtaka, kiasi cha dhamana, na tarehe ya mahakama. Piga picha ya skrini, ukurasa unaweza kubadilika kesho. Tazama pia kama kuna neno "detainer" au "hold" pembeni ya ICE. Likiwapo, msikimbilie kulipa dhamana. Hilo ni ombi la ICE linaloitaka jela imshikilie hadi saa 48 zaidi ili waje wamchukue. Nimeona familia zikichangishana usiku kucha kwa dhamana iliyomtoa mtu mlango mmoja na kumwingiza mwingine. Wakili aulizwe kwanza. Asiye na uwezo hupewa wakili na serikali kwa kesi ya jinai, na wakili huyo analazimika kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamletea kufukuzwa nchini. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2010, katika kesi iliyotoka Kentucky, Padilla v. Kentucky. Mdogo wako asikiri chochote, hata kosa dogo la kutoka siku hiyohiyo, kabla hajaupata ushauri huo. Kwa kesi ya uhamiaji yenyewe serikali haimpi wakili. Hapo mtatafuta shirika la msaada wa kisheria.

Ubalozi uacheni kwanza. Kila mgeni anayekamatwa ana haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe, kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Mwenye uraia wa Tanzania, ubalozi hujulishwa kwa lazima, atake asitake. Lakini mdogo wako ni mkimbizi wa Kongo, aliikimbia nchi hiyo, na kuupigia ubalozi wake ni uamuzi wa yeye na wakili wake.

Na kama utapigiwa tena na watu wa dhamana, ujue kwamba Indiana biashara hiyo inaruhusiwa. Ikiwa mdogo wako yuko ng'ambo, mtu halali anaweza kuwapo. Mwulize jina la jela, namba ya usajili na namba ya leseni yake, uvilinganishe na ulichokiona kwenye orodha.

Huwezi kumpigia mdogo wako akiwa ndani. Yeye ndiye hupiga, na simu za kwenda nje ya nchi mara nyingi hazipiti. Atampigia mwenzake. Simu hiyo huja kwa namba ngeni, na kinachosikika kwanza ni sauti ya mashine ikitaja jela na kutaka ubonyeze tarakimu kukubali. Watu wengi hukata wakidhani ni matapeli. Mwambie mwenzake asikate, na wakishaunganishwa wasizungumzie kilichotokea Ijumaa, maana mazungumzo yanarekodiwa. Amuulize namba ya A, jina la wakili na tarehe ya mahakama, basi.