Kona ya Nyumba: ukuta unaotoka magamba, mianzi ya silingi na harufu ya makabati

Wiki hii maswali ni matatu tu, la kwanza limekula nafasi maana naona nusu ya Arusha ina ugonjwa huohuo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nyumba yetu iko Moshono, tulichimba mteremko ndo tukajenga. Chumba cha nyuma ukuta unatoka magamba kuanzia chini mpaka magotini, tumeshapiga skimu mara mbili na rangi ya silki ya bei mbaya, masika ikija inabanduka tena. Binti yangu anasema tuachane na hizo tupige chokaa kama nyumba za zamani, eti haichafui mazingira na ukuta unapumua. Ni kweli au ni mambo ya Insta? – Mama wa Moshono

JIBU: Salama mama. Binti yuko sahihi ila tusianze na chokaa, tuanze na maji. Nyumba ya mteremkoni ukuta wa nyuma mara nyingi umelaliwa na udongo, mvua ikinyesha ule udongo unashika maji, tofali zinayanyonya, yakifika upande wa ndani yanakauka na kuacha chumvi, na hiyo chumvi ikiganda ndo inasukuma skimu na rangi zidondoke. Rangi ya silki ina plastiki ndani yake, inaziba, na unyevu ukikosa pa kutokea unaibandua. Ukipiga skimu ya tatu utakuwa unamlipa fundi kazi ileile.

Pima kwanza: kata kipande cha nailoni nyeupe inayoonyesha, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Majimaji yakiwa upande wa ukuta basi yanatoka ndani ya ukuta, yakiwa upande wa chumba ni mvuke wa humohumo chumbani, fungua madirisha. Kwako nahisi ni la kwanza. Kwahiyo toa udongo wa nyuma ushuke chini ya usawa wa sakafu, chimba mfereji wenye kokoto na bomba la matobo linalopeleka maji pembeni, weka gata, na kama kuna migomba imebanana na ukuta ihamishe tu hata kama ni ya mama mkwe.

Hapo sasa ndo chokaa. Bandua lipu ya sementi mpaka nusu mita hivi juu ya alama ya unyevu, acha ukuta ukauke, na hii sio kazi ya wiki moja. Alafu lipu ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi, tabaka nyembamba za kama sentimita moja, kila moja inanyunyiziwa maji isikauke haraka, na rangi ya juu iwe chokaa ya kupaka, sio silki tena. Unyevu kidogo ukibaki utatoka taratibu bila kubandua kitu, na ukungu hauipendi chokaa kwa ule ukali wake.

Kuhusu mazingira, mawe ya chokaa yanachomwa kwenye joto la kama nyuzi 900 na hewa ya ukaa inatoka, ila lipu ikishapigwa inaivuta tena hewa hiyohiyo ndo maana inakuwa ngumu. Ule moshi wa kuni au makaa ya kuchomea haurudi, tusidanganyane. Bado naona ni bora kuliko sementi, ambayo peke yake inabeba karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu duniani. Na usione chokaa ni kitu cha kimaskini, Moroko wanaisugua kwa jiwe na sabuni ya mzeituni mpaka inang'aa na kuzuia maji, mabafu yao ya umma yamepigwa hiyo.

Angalizo kubwa: usinunue chokaa ya shambani kwenye duka la pembejeo. Ile ni jiwe limesagwa tu halijachomwa, haitashika hata uiombee. Na chokaa ambayo haijazimwa, yaani imechomwa ila haijalowekwa maji, ikikutana na maji inachemka kweli, vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali.

SWALI: Mambo vipi fundi, nataka silingi ya mianzi sebuleni badala ya jipsam, mzee ana mianzi ya njano mtoni huko Marangu. Jirani kasema nipake oili chafu wadudu wasiingie. – Kijana wa Pasua

JIBU: Poa. Oili chafu hapana! Ina sumu, inanuka miezi, na moto ukitokea unaisaidia kuwaka. Mianzi ya njano ina wanga mwingi, ndo maana wadudu wanaipenda na kukudondoshea unga kama wa muhogo juu ya kochi. Kata iliyofikisha miaka 3 na kuendelea, kiangazi, toboa vifundo kwa nondo, loweka wiki moja hadi mbili kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki (dawa za unga za kuzuia wadudu), jumla kilo 5 hadi 10 kwa lita 100, kausha kivulini. Hiyo dawa inaoshwa na mvua kwahiyo ni ya ndani tu. Jikoni unapopikia kuni weka kitu kingine.

SWALI: Makabati mapya ya MDF (zile mbao za unga wa miti uliogandishwa kwa gundi) yanatuwasha macho, tuko Njiro na tuna mtoto mchanga.

JIBU: Ni fomaldehaidi, hewa kali inayotoka kwenye gundi, na tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtoto alale chumba kingine, madirisha wazi mchana kutwa, kingo zote zilizoachwa wazi na migongo ya makabati ipakwe vanishi ya maji maana hapo ndo inapotokea zaidi. Siku nyingine ukinunua ulizia yenye alama ya E1, yaani inayotoa fomaldehaidi kidogo, au mpe seremala mbao za mgrevilea, miti imejaa mashambani huku kwetu, ina mistari mizuri na haina gundi ya kuwasha mtu. Ila iwe imekauka vizuri, mbichi itapinda milango yote.