Kupanua uanachama wa chama cha wakutubi: je, kubadilisha kifungu kimoja kunatosha?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha wakutubi wa ukanda wa Pwani, Kenya, kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama. Kanuni zetu zinasema mwanachama ni "mkutubi mwenye stashahada au shahada aliyeajiriwa katika maktaba ya umma". Tuko 60. Tungependa kuwapokea walimu wanaosimamia maktaba za shule, watunza nyaraka, wanaojitolea katika maktaba za jamii, na wanafunzi wa ukutubi. Je, tukibadilisha kifungu hicho peke yake tutakuwa tumemaliza?

JIBU: Ndugu Katibu, hapana. Kifungu cha uanachama kimefungamana na vingine vitatu au vinne, na mkikigusa peke yake hivyo vingine vitawakwamisha baadaye.

Nianze na maneno yenyewe. Kanuni inayomtambua mwanachama kwa mwajiri wake huchakaa upesi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, na chama kilichokuwa kimeandika jina la mwajiri mmoja kingeweza kujikuta, mwajiri huyo akibadilika, na wanachama ambao, kwa maandishi, si wanachama tena. Kwa hiyo mtambueni mtu kwa kazi anayoifanya. Ningeandika hivi: "Mwanachama kamili ni mtu ambaye kazi yake, ya kulipwa au ya kujitolea, ni kukusanya, kupanga, kuhifadhi au kutoa vitabu, nyaraka na taarifa kwa wasomaji katika kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta." Maneno hayo yanamchukua mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa maktaba ya shule, na yanamchukua pia mzee wa Lamu anayetunza miswada ya kale ya Kiarabu bila cheti chochote. Wanafunzi wapewe daraja lao, lenye ada ndogo na haki ya kusema mkutanoni bila kupiga kura.

Wapo watakaonung'unika kwamba mnaishusha hadhi ya taaluma. Wajibuni kwamba uanachama na sifa ya kitaaluma ni mambo mawili. Nchini Uingereza, CILIP, chama kilichozaliwa mwaka 2002 baada ya chama cha wakutubi cha tangu 1877 kuungana na taasisi ya wanasayansi wa taarifa, huwapokea watu wengi kuwa wanachama, lakini hadhi ya mkutubi aliyeidhinishwa hutolewa baada ya tathmini ya pekee. Nanyi mnaweza kuweka sharti la stashahada kwa nafasi ya mwenyekiti, ingawa binafsi nisingeliweka: wapiga kura wanajua wanamchagua nani.

Sasa akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji ili mkutano uwe halali, ambako vyama vingi huanguka. Tuseme kanuni zenu zinataka theluthi moja ya wanachama wahudhurie mkutano mkuu. Leo mnahitaji watu 20. Mkiandikisha wanafunzi 150, mtakuwa 210 na mtahitaji 70, na wanafunzi hao wakiwa likizoni hamtaweza hata kupitisha kumbukumbu za mkutano uliopita. Nimewahi kuketi katika ukumbi ambamo mwenyekiti alihesabu vichwa mara tatu, akitumaini hesabu itabadilika, kisha akatuaga tukanywe chai. Andikeni kwamba akidi huhesabiwa kwa wanachama wenye haki ya kupiga kura waliolipa ada ya mwaka huo. Kifungu cha kurekebisha kanuni nacho kiseme waziwazi kama theluthi mbili zinazotakiwa ni za waliohudhuria au za wanachama wote, kwa sababu tofauti ya tafsiri hizo mbili inatosha kuligeuza azimio.

Ada na utaratibu wa kumsimamisha mwanachama vipitieni pia, maana Jedwali la Sheria ya Vyama, Sura ya 108, linataka mambo hayo yawemo katika kanuni za kila chama, pamoja na watu ambao uanachama uko wazi kwao.

Kuhusu utaratibu, kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinakataza chama kubadilisha jina au kanuni zake bila idhini ya maandishi ya Msajili wa Vyama iliyotangulia, na ombi hutiwa saini na viongozi watatu wa chama. Neno "iliyotangulia" lina uzito: azimio la mkutano mkuu haliwapi wageni wenu uanachama siku hiyo hiyo. Lipitisheni likiwa na maneno "yataanza kutumika Msajili atakapotoa idhini yake", mpeleke ombi pamoja na kumbukumbu za mkutano na maandishi ya vifungu vya zamani na vipya, na hadi barua ya idhini ifike msipokee ada kutoka kwa yeyote asiyestahili chini ya kanuni za sasa. Mkiwa na uchaguzi mwaka huu, ufanyeni kwa daftari la wale 60.