Tununue Mashine Kwanza ama Tutafute Chupa?

SWALI: Habari mshauri. Sisi ni chama cha wamama 12 hapa Umoja, tumeweka akiba hadi tumefika kama milioni 3 hivi na tumechoka kukopeshana tu. Kuna jamaa anatuuzia krasha ya kusaga plastiki, kilo 500 kwa saa, anasema tukiiweka Kariobangi pesa itarudi kwa miezi sita juu plastiki imejaa Nairobi kila mahali. Bei yake inameza zaidi ya nusu ya akiba yetu. Tununue? Na mambo ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, yanatuhusu ama ni ya makampuni makubwa tu? – Mama wa chama, Umoja

JIBU: Mama, msilipe bado. Mashine yenyewe inaweza kuwa sawa kabisa, shida ni mtailisha nini.

Hebu tupige hesabu. Kilo 500 kwa saa, masaa 8, hizo ni tani 4 kwa siku. Chupa ya maji ya nusu lita tuseme ina gramu 20 (nyingi ni nyepesi kuliko hapo), kilo moja inakuwa chupa 50, kwa hivyo tani 4 ni chupa 200,000. Kila siku, hata ile siku mvua imenyesha usiku kucha na mikokoteni haipiti. Mkipata nusu ya hizo bado kodi ya godauni ni ile ile na vijana wa mashine mtawalipa vile vile.

Ni kweli plastiki imejaa, lakini ile iko kwa mtaro bado si mali. Inakuwa mali ikishaokotwa, ikachambuliwa, ikakauka na ikafika kwa mizani yako kwa bei inayokuachia kitu. Na ukiiona iko kwa gunia ujue ishapata mwenyewe. Wanaookota pale Dandora, jaa ambalo limetumika tangu miaka ya 1970, wana yadi wanazouzia miaka mingi, na mwenye yadi ndiye huwakopesha mtoto akiugua ama karo ikikosekana. Nyinyi mkija na shilingi mbili zaidi watawauzia wiki moja, halafu yule naye anaongeza, mwishowe bei imepanda kwenu wote na mnunuzi wenu wa kiwanda kule Industrial Area hajaongeza hata ndururu.

Sasa kuna uchafu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea bila mtu kuona. Gunia likifika msilipime likiwa limefungwa, mwageni chini. Utakuta chupa zimefungwa vifuniko na maji yako ndani, mchanga, chupa za mafuta ya kupikia bado zinateleza, na ukilipia gunia zima umelipia maji na mchanga kwa bei ya plastiki. Chukueni beseni la maji mkate vipande mweke ndani: chupa ya soda, yaani PET, inazama, kifuniko chake kinaelea, ndivyo watu huzitenganisha wakati wa kuosha. Lakini PVC, plastiki ya aina nyingine, nayo inazama pamoja na PET, na ikiingia kwa moto wa kuyeyushia PET, hiyo PVC inaungua kabla moto haujafika hapo, inatoa asidi na kugeuza mzigo rangi ya manjano, kidogo tu inatosha mnunuzi kurudisha lori zima. Hiyo krasha haiwezi kuwachagulia, ni macho na mikono ya watu.

Halafu kuna pengo la pesa. Mwokotaji analipwa leo hii, cash, juu ndiyo unga wa jioni, na hapo tafadhali msimcheleweshe na mizani yenu isiwe na ujanja, huyo ndiye biashara yenyewe. Kiwanda nacho kinaweza kukaa siku 30 ama 60 ndio kilipe. Tukitumia bei ya mfano tu ya shilingi 20 kwa kilo, tani 4 ni 80,000 kwa siku, siku 24 za kazi ni karibu milioni 2, na hapo hamjalipia stima. Hizo milioni mtatoa wapi kama mmeshazizika kwa mashine? Na bei haitulii. Plastiki mpya inatokana na mafuta na gesi, kwa hivyo mwaka wa 2020 bei ya mafuta ghafi ilipoporomoka dunia nzima plastiki mpya ikawa rahisi na wanunuzi wengi wakaachana na ile iliyorejelewa.

Ningekuwa nyinyi ningeanza na yadi ndogo, mizani nzuri, paa la kuzuia mvua na pesa ya kununulia. Uzeni chupa zikiwa zimechambuliwa tu, na kila siku mwandike kilo zilizoingia na kilo zilizobaki baada ya kutoa uchafu. Tafuteni pia chupa ambazo hazijafika jaani: ongeeni na wasimamizi wa ploti hapo Umoja, mashule, makanisa, kumbi za harusi. Sheria ya taka ya 2022 inataka watu watenganishe taka za kuoza na zisizooza tangu nyumbani, wengi bado hawafanyi, lakini msimamizi mmoja akikubali kuweka gunia la chupa kando mnapata mzigo mkavu ambao hakuna broka ameugusa. Krasha itanunuliwa siku daftari litaonyesha mnafikisha tani zake, na huenda mkaona mnahitaji ndogo zaidi.

NEMA inawahusu, ndiyo. Kubeba taka kunahitaji leseni, na mkiweka kiwanda cha kusaga na kuosha kuna leseni yake pamoja na tathmini ya mazingira, kisha kuna vibali vya kaunti. Zipigieni hesabu mapema. Kanuni za 2024 zinawataka wanaotengeneza na kuingiza bidhaa wagharamie pia taka zake, kwa hivyo mkiwa na leseni na rekodi safi za kilo mnaweza kubisha kwa vikundi vinavyosimamia hayo mkauliza wanalipia nini. Ila kwanza nendeni kwa wanunuzi wawili ama watatu na gunia la sampuli, muulize wanataka rangi gani, ikaushwe kiasi gani, na wanalipa baada ya siku ngapi. Muwaambie waandike.