CG yako ya zamani inazima njiani? Usikimbilie kuilaumu kabureta

Hii pikipiki yangu Honda CG125 nliinunua Morogoro 2019, kwa mzee mmoja bwana afya mstaafu. Alikuwa ameipaka rangi upya tanki lote jekundu linang'aa, na mi rangi ile ndo ilonichanganya, nkalipa nkasema naiendesha mwenyewe mpaka Iringa. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hiyo ukiitunza itakuzika." Nkacheka. Kufika ndani ya mbuga ya Mikumi ikakohoa mara mbili ikazima, kimya, upande huu swala upande ule nyani, napiga kiki mpaka jasho, turniboi wa lori moja anapita ananipigia kelele "we jamaa utaliwa hapo!" Nikafungua kifuniko cha tanki nione kama mafuta yapo, yapo tele, nikafunga, nikapiga kiki moja ikawaka. Nikajua Mungu yupo. Baada ya kilomita kama nane ikazima tena, na hivohivo mpaka nyumbani.

Sasa hapo jibu lilikuwa mikononi mwangu na sikuliona, lakini tutarudi.

Iringa nikampelekea fundi, akasikiliza dakika moja akasema kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imekufa bro, hizi za zamani haziponi, weka mpya. Nikatoa 35,000 ikafungwa ya Kichina, ile Keihin yangu ya Kijapani ikatupwa kwenye boksi la spea mbovu (ningechelewa siku mbili ingeshauzwa skrepa). Nikaondoka na raha zangu, kilomita nane, ikazima. Ileile.

Kilichonifumbua macho ni chupa ya maji tu. Nilichomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta nikauingiza kwenye chupa tupu, injini imepoa na hakuna mtu anavuta sigara karibu, nikafungua koki, lile bomba dogo la chini ya tanki. Yakatoka vizuri mkondo mnene, nikasema basi tatizo si huku, nikaenda kunywa chai. Kurudi naona chupa haijajaa hata nusu na mafuta yanadondoka tone, tone, tone, kama bomba la mtaa wetu. Nikashika kifuniko cha tanki nikakizungusha, fsssss, kikavuta hewa kama mtu alozama ameibuka, na mafuta palepale yakaanza kumwagika. Kumbe kile kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kimeziba na rangi ya mzee! Mafuta yakishuka bila hewa kuingia nafasi yake yanajivuta yenyewe mpaka yanagoma, ukifungua unaipa pumzi, ndo maana Mikumi iliwaka. Nikatoboa na pini ya mke wangu. Gharama sifuri.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi pikipiki yangu ya zamani inazima, inamisi, haivuti, mi siulizi kabureta kwanza. Naanzia juu nashuka, kifuniko, tanki, koki, mpira, ndo nafika kwenye kabureta, na hata hapo sifungui, naanza na ile skrubu ndogo ya kumwagia, chini ya kibakuli kinachokaa mafuta chini ya kabureta. Weka chupa ya jamu ya kioo chini yake, legeza, acha mafuta yatoke kidogo, afu inua chupa juani. Maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo yanakaa chini, utaona vishanga vinatembea tembea kitako cha chupa havitaki kuchanganyika, na ukiona vumbi la kahawia jua hiyo ni kutu ya tanki. Sisi tunaonunua mafuta ya chupa vijijini hili ni la kila wiki, na uchakachuaji nao usiusahau. Mara nyingi ukishamwaga hivo pikipiki inapona na hujashika spana.

Kutu ya tanki, mi niliosha na siki. Toa tanki, toa koki, ziba tundu, jaza siki, lala nayo, asubuhi mwaga uone uchafu wenyewe, afu suuza na maji yenye magadi ili ile asidi ife, kausha haraka juani na tia mafuta ya injini kidogo uzungushe ndani, la sivyo kutu inarudi kabla ya saa kumi jioni. Kisha weka filta kwenye mpira.

Haya, tuseme umefika kwenye kabureta kweli na lazima ifunguliwe. Kuna kitu nliumia nacho hapa, zile skrubu za Kijapani za nyota si nyota unayoijua. Bisibisi ya kawaida ncha yake imechongoka zaidi, haizami mpaka chini, ukikaza inapanda juu na kula kichwa, na ukishakula kichwa cha skrubu ya kibakuli umeshalala hapo. Mi nliisaga ncha ya bisibisi moja ikawa butu kidogo, na kabla ya kufungua naigonga kwa nyundo kidogo ikae. Kabla hujachomoa skrubu ya mikscha (ile ya kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa) ifunge kwanza taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, IGUSE tu usikaze, ncha yake ni laini, andika namba ukutani au popote, ndo uitoe. Wengi wanatoa afu wanarudisha kwa kubahatisha, mwezi mzima wanahangaika.

Jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitisha mafuta, zikishatoka usizichokoe na waya wa chuma wala spoku, ni shaba, ukipanua tundu kidogo tu umeshabadilisha mchanganyiko. Jeti ndogo ya sailensi (pale injini inapounguruma taratibu bila resi) yenye namba 38, tundu lake ni kama milimita 0.38, yani ni unywele. Loweka kwenye petroli safi, puliza na pampu ya baiskeli kama huna kompresa, ikigoma tumia uzi mmoja tu wa waya wa umeme wa shaba au mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Afu inyanyue ielekee jua, funga jicho moja. Unatakiwa uone nukta ya mwanga ya duara kamili. Ukiona mwanga kama mwezi mchanga bado kuna gundi ya mafuta yalokaa, rudia.

Na si lazima utoe zote. Sikiliza inapoumwa. Haikai sailensi, mpaka uishikilie resi, hiyo ni jeti ndogo au skrubu yake. Inaanza vizuri afu katikati ya resi ndo inamisi, angalia sindano, ile inayopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta resi. Inaenda poa ila ukifungua resi yote inakata kama imekosa pumzi, ni jeti kubwa au mafuta hayafiki ya kutosha, na hapo rudi kwenye kile kifuniko changu. Kuhusu ile skrubu ya mikscha, ikiwa upande wa klina ya hewa inapima hewa, kwa hiyo ukifunga unazidisha mafuta, na ikiwa upande wa injini ni kinyume chake. Nimeona watu wanabishana kijiweni kutwa nzima na wote wako sawa, kila mmoja ana pikipiki yake!

Nliporudisha Keihin yangu ikawa inapandisha resi yenyewe, inalia kama ina wazimu. Mi wakati naifunga nlikaza zile nati mbili kwa hasira, na kabureta ni ya metali laini, masikio yake ya kufungia yakapinda, hewa ikawa inaingia pembeni. Weka rula kwenye uso wake, ukiona mwanga katikati imepinda. Mi nlilaza msasa laini juu ya kipande cha kioo nikaisugua taratibu kwa mwendo wa namba nane mpaka uso ukawa sawa, nikaweka oringi mpya (kile kipete cha mpira cha kuziba), nikakaza kwa zamu kidogo huku kidogo kule. Ikatulia.

Kitu cha mwisho ni cha watu wa nyanda za juu. Iringa tuko kama mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, na kabureta ilosetiwa pwani huku inakuwa inamimina mafuta mengi kuliko hewa. Plagi yangu ilikuwa inatoka nyeusi ya masizi kila wiki. Sindano yangu ina mikato mitano ya kushikia klipu, nikapandisha klipu mkato mmoja, yani sindano ikashuka, na plagi sa hivi inatoka rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeupe, acha, injini inaungua, rudisha.

Halafu kabureta ikivuja usiku, nusa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, asubuhi kabla ya kuwasha. Ikinuka petroli, mafuta yamepita kwenye nido ya floti (ile inayofunga mafuta kibakuli kikijaa) mpaka kwenye injini, mwaga oili yote. Mi nafunga koki kila nnapopaki, hata dukani dakika kumi.

Ile ya Kichina bado iko kabatini na boksi lake. Na sa hivi koki yenyewe imeanza kutoa jasho pale kwenye mkono, nimeagiza oringi Dar, basi likifika Ijumaa nafungua.